Mtoto anasoma, lakini anaelewa? Hatua za kumsaidia kusoma nyumbani

Mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili ana bahati moja kubwa: maandishi yetu hayana ujanja mwingi. Irabu a hutamkwa a popote utakapoikuta, u haigeuki, na ukishazijua silabi unaweza kutamka sawasawa hata neno ambalo hujawahi kulisikia. Si lugha zote zenye neema hiyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Watoto wa Kifini, Kiitaliano na Kihispania, lugha ambazo maandishi yake hufuata matamshi kwa karibu, waliweza kusoma maneno mepesi kwa usahihi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule. Wale wa Kiingereza walikuwa bado wako nyuma sana. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini kwa jinsi kinavyoandikwa kinakaa na kundi la kwanza.

Ndani ya urahisi huo kuna mtego. Mtoto akishazishika silabi anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kukwama, nyumba nzima ikampigia makofi. Muulize kisa kinahusu nini, anakutazama tu. Ametamka, hajasoma. Wazazi wengi huishia hapo wakiamini kazi imekwisha, na tatizo hujitokeza baadaye, pale masomo mengine yanapomtaka asome mwenyewe ili apate maarifa.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu: kuelewa maandishi ni zao la kutambua maneno na kuelewa lugha. Walisema zao, si jumla. Ukizidisha namba yoyote kwa sifuri unapata sifuri: kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana kabisa, mtoto haelewi anachosoma. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinakwenda na mambo yote mawili tangu siku ya kwanza, na mzazi asisubiri mtoto amalize herufi ndipo aanze kumuuliza maana.

Hatua ya 1: Anza na masikio

Kabla ya karatasi na kalamu, mtoto anatakiwa agundue kwamba neno linaweza kukatwa vipande. Kwa mtu mzima hilo ni la wazi mno, ila mtoto wa miaka minne akisikia "meza" anafikiria kile kitu chenye miguu minne. Hafikirii kwamba kuna *me* na kuna *za*.

Mfundishe kwa makofi. Ki-ti, makofi mawili. Di-ri-sha, matatu. Ukifika kwenye "mtoto" nenda polepole, kwa sababu makofi ni matatu: m-to-to. Ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi kamili, sawa na katika m-ti na m-tu. Mtoto aliyeizoea kwa makofi hatasumbuka akiikuta kwenye karatasi.

Mchezo mwingine ni mnyororo wa silabi. Mmoja anataja neno, mwenzake anaanza na silabi ya mwisho: meza, zawadi, dirisha, shati, tisa, safari. Unachezeka njiani, mkiwa mnasubiri foleni, au mkifua nguo. Baadaye ongezeni ugumu kwa kutafuta sauti ya kwanza tu: "Naona kitu humu ndani kinachoanza na *sss*." Vitendawili navyo visiachwe, maana vinamlazimisha mtoto aisikilize kauli nzima na kuipima kabla ya kujibu, na huko ndiko kuelewa kunakoanzia.

Dakika tano kwa siku zinatosha. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuifanya hatua hii yote bila upungufu wowote.

Hatua ya 2: Sauti kwanza, jina la herufi baadaye

Mtoto aliyefundishwa kwamba hii ni "em" na ile ni "a", ukimwambia aunganishe, kwa haki kabisa atasema "ema". Hajakosea yeye. Mwambie herufi hii inasema *mmm*, kisha midomo ifunguke kwenye a: *mmma*. Majina ya herufi atayajua tu, hayana haraka.

Sauti zinazovutika kama m, n, s, l na f ni nzuri kuanzia, kwa kuwa zinaungana na irabu bila kukatika. Sauti za b, k, t na p hazivutiki, hivyo zitamke kwa ufupi na uzipeleke upesi kwenye irabu yake.

Mpangilio unaofaa ni irabu tano kwanza, kisha konsonanti chache zinazomwezesha kuunda maneno mapema. Akiwa na irabu pamoja na m, k, na t tayari ana mama, mimi, kaka, kuku, kata, tatu, moto, kiti na mkate. Hilo linampa ushindi wa haraka. Herufi b na d usizifundishe wiki moja. Zinafanana umbo, na mtoto ambaye tangu azaliwe amezoea kwamba kikombe ni kikombe hata kikigeuzwa haoni kwa nini tumbo la herufi likielekea upande mwingine jina libadilike. Ikae b mpaka izoeleke, ndipo d ije.

Tengeneza kadi. Kata boksi la karatasi ngumu vipande vidogo, andika silabi moja kila kipande kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri, na uzimwage mezani. Mtoto aokote *me* na *za*, aviweke pamoja, asome. Abadilishe *me* kwa *wa* aone neno linavyogeuka. Mikono ikishiriki, akili haichoki haraka.

Sasa neno kuhusu ule wimbo maarufu wa *ba be bi bo bu*. Mimi sina ugomvi nao. Ni mzuri kwa kuzoesha masikio. Shida ni kwamba mtoto anaweza kuuimba wote huku kidole chake kikipita juu ya herufi asizozitambua hata moja, kwa sababu anajua kinachofuata. Ukitaka kujua ukweli, changanya kadi: onyesha *bo*, kisha *ba*, kisha *mu*, kisha *bi*. Au tunga maneno yasiyo na maana kama *lumo* na *kesu* muyacheke pamoja. Akiyasoma, ujue anasoma kweli, kwa kuwa hakuna mahali alipoyakariri. Usiyazidishe tu. Maneno mawili matatu, kisha rudini kwenye maneno yenye maana.

Hatua ya 3: Herufi zinazoshirikiana

Silabi nyepesi zikiisha zinakuja sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, ny, th, dh, gh. Mfundishe kila moja kama kitu kimoja. Mtoto asiambiwe "s na h", aambiwe hii ni *sh*. Ukiziandika kwenye kadi, ziandike kwa rangi moja ili jicho lizione zimeshikana.

Kisha zinafuata mb, nd, nj, nz na ng, halafu mw, kw, bw, na mwisho kabisa yale mafundo ya herufi tatu kama kwenye nywele na mbwa. Hapo mwendo hupungua, na ni kawaida. Fundo likimshinda, ondoa herufi mbili za mwanzo: asome *wele*, kisha *nywele*.

Ng na ng' zinahitaji siku yake. Tamkeni ngoma na ng'ombe mkitazamana midomoni, na umwonyeshe kwamba kile kialama kidogo juu ndicho kinachoondoa sauti ya g. Watu wazima wengi hukiacha wakiandika, kwa hiyo mtoto asilaumiwe akikiruka.

Kwenye kuandika utaona vioja. Mtoto ataandika "dege" akimaanisha ndege, au "gari yababa" bila nafasi. Usichukue kalamu nyekundu. Mwombe alitamke neno polepole, mkono wake akiwa ameuweka puani, asikie ile n inavyotetema. Akiisikia, ataiandika.

Hatua ya 4: Kaeni msome pamoja

Hii ndiyo hatua kubwa, na kama huna muda wa nyingine zote, shika hii. Dakika kumi hadi kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Chagueni wakati ambao mtoto hajachoka wala hana njaa, na televisheni izimwe. Kaeni ubavu kwa ubavu, kitabu kikiwa katikati, ili nyote muone maandishi kwa upande mmoja. Ukikaa mbele yake kama msimamizi wa mtihani, atasoma kama mtahiniwa.

Kwa kitabu kipya, soma wewe kwanza. Soma kwa sauti yenye uhai, kidole kikitembea chini ya maneno. Mara ya pili soma sentensi moja, naye airudie. Mara ya tatu someni kwa pamoja. Kisha mwachie. Mpangilio huu unamsaidia asikie sentensi inavyopaswa kupanda na kushuka kabla hajaibeba mwenyewe. Wapo wanaosema huko ni kumkaririsha, na ni kweli akifanya hivyo kwa kitabu kilekile tu atakariri. Dawa yake ni kumwachia pia kurasa fupi ambazo hujamsomea.

Sasa tazama linalotokea kwenye sentensi moja. Kitabu kina picha ya kitanda, na mkia wa paka umechungulia kwa chini. Maandishi yanasema: *Paka amejificha chini ya kitanda.*

"Paka amelala chini ya kitanda," mtoto anasoma kwa kujiamini.

"Anaweza kulala huko, kweli," mama anasema. "Hebu weka kidole hapa, mwanangu. Baada ya *ame* kuna nini?"

"*Ji*."

"Enhe, endelea."

"A-me-ji... fi... cha. Amejificha!"

"Haya, nisomee sasa sentensi yote."

"Paka amejificha chini ya kitanda."

"Kwa nini amejificha?"

"Si yule mbwa, mama! Alikuwa anamkimbiza."

Angalia mama alichofanya. Hakusema "si hivyo". Hakulitaja neno mwenyewe. Alimrudisha kwenye herufi, kwa kuwa mtoto alikuwa amesoma picha badala ya maandishi. Picha ni nzuri kwa kujenga hamu na kuzungumza, lakini mtoto akizoea kubahatisha neno kwa kuitazama, siku vitabu visivyo na picha vikifika atakwama. Kisha mama akaomba sentensi irudiwe nzima, kwa sababu mtoto aliyehangaika na neno moja huwa amepoteza yaliyotangulia. Na swali la mwisho halikuwa na jibu kwenye ukurasa ule. Mbwa alikuwa ukurasa wa nyuma.

Mtoto akikwama, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Ni muda mfupi, ila ukiwa umekaa pale unauona mrefu, na ulimi unakuwasha. Vumilia. Mara nyingi neno hutoka kwenye hesabu ya nne. Lisipotoka, mfunikie sehemu ya neno abaki na silabi moja moja. Likishindikana bado, mpe neno hilo bila maelezo marefu, muendelee. Kumng'ang'aniza dakika tatu kwenye neno moja kunaua hadithi, na hadithi ndiyo iliyomkalisha hapo.

Makosa yasiyobadilisha maana, kama kusoma "nyumbani kwao" mahali palipoandikwa "nyumbani kwake", yaache yapite mpaka sentensi iishe, uone kama atajisahihisha. Mtoto anayerudi mwenyewe kusahihisha ni mtoto anayesikiliza anachosoma. Hapo ndipo pa kumsifu, na umsifu kwa kutaja alichofanya: "Umeona halikukaa sawa, ukarudi." Sifa ya "una akili sana" haimwambii arudie nini kesho.

Hatua ya 5: Maneno marefu

Vitabu vingi vya ushauri juu ya kusoma vimeandikwa kwa ajili ya lugha nyingine, na hili haviligusi. Kiswahili kinabandika mambo mengi kwenye kitenzi kimoja. *Hawatatuambia* ina silabi saba: ha-wa-ta-tu-a-mbi-a. Mtoto anayezisoma moja moja akifika ya saba, ya kwanza imeshatoroka. Anajua kila kipande, neno hajui.

Lengo ni azione silabi kwa mafungu. Anza na mzizi anaoujua, ujenge kuelekea nyuma na mbele. Andika *soma* kwenye karatasi. Mbele yake weka *ana*, mtoto asome anasoma. Toa *ana* uweke *ali*, kisha *ata*, kisha *wana*, kisha *tuna*. Kila mara muulize nini kimebadilika: ni nani anayesoma, au ni lini? Kwa hiyo vipande hivyo vinaingia akilini vikiwa na maana yake, si kelele tu. Baada ya hapo leta *wanamsomea* na *alinisomea*, na mwisho *tulipokuwa tukisoma*. Zoezi hili linachukua dakika chache na linalipa kuliko kurasa nyingi za silabi.

Kwenye kitabu, neno refu likitokea, funika nusu yake ya mwisho kwa kipande cha karatasi. Asome *hawata*. Sogeza, asome *tuambia*. Ondoa karatasi, alisome lote. Kisha alitamke kama anavyolisema akiwa anaongea, mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo utaona uso wake ukibadilika, maana neno alilokuwa akilikata kumbe ni lile analolitumia kila siku.

Hatua ya 6: Dai maana, bila kumgeuza mtahiniwa

Kabla ya kufungua kitabu, tazameni jalada na mbashiri. Katikati simama mara moja au mbili, si kila sentensi. Mwisho muulize maswali machache yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Mwaka 1988 mtafiti Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao walielekezwa kuuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu walipokuwa wakiwasomea vitabu vya picha walisonga mbele katika kujieleza kuliko wale waliosomewa kwa namna ya kawaida. Kuyapanua majibu ni jambo jepesi: mtoto akisema "amekasirika", wewe ongeza, "Amekasirika kwa sababu wamemwacha peke yake, sivyo?"

Maswali ninayoyapenda ni haya: Ungekuwa wewe ungefanyaje? Unadhani alijuaje? Mahali gani hadithi ilibadilika? Na lile lililo rahisi kuliko yote, "Nisimulie, sikuwa nasikiliza vizuri." Mtoto anayeweza kusimulia kisa kwa maneno yake mwenyewe ameelewa, hata kama alikwama mara kumi.

Mwonyeshe pia kwamba mtu mzima naye hupotea. Soma aya, kisha sema, "Ngoja, hapa sijaelewa nani anazungumza. Nirudi nyuma." Watoto wengi hudhani msomaji hodari hasimami kamwe.

Usiache kumsomea kwa sababu sasa anajua kusoma mwenyewe. Masikio yake yanaelewa hadithi ngumu kuliko zile macho yake yanazoziweza, na maneno ya vitabuni, yale tusiyoyatumia tukizungumza mezani, atayapata humo. Msomee vitabu vilivyo juu ya kiwango chake, naye akusomee vilivyo kwenye kiwango chake.

Kama nyumbani mnazungumza lugha nyingine, hadithi ijadiliwe kwa lugha hiyo bila wasiwasi. Mtoto akielewa kisa kwa lugha ya mama, kuelewa huko hakupotei akigeukia Kiswahili, na ustadi wa kuunganisha sauti na herufi anauhamisha kutoka lugha moja hadi nyingine. Anayejifunza Kiingereza sambamba aambiwe mapema kwamba herufi ni zilezile ila kila lugha ina kanuni zake, na kitabu kikifunguliwa muanze kwa kutaja: hiki ni cha Kiswahili, au hiki ni cha Kiingereza. Vinginevyo atasoma "ua" kwa sauti za lugha isiyo yake.

Hatua ya 7: Pata cha kusoma

Kupima kama kitabu kinamfaa, mpe asome ukurasa mmoja na akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, hicho msomee wewe kwanza. Kimoja au viwili, kinamfaa kusoma mwenyewe. Akitaka kukirudia kitabu kilekile mara ya ishirini, mwache. Kurudia ndiko kunakoleta wepesi.

Pasipo na vitabu, vitengenezeni. Mtoto asimulie jambo lililomtokea, wewe uliandike kwa maneno yake, sentensi moja kila ukurasa, yeye achore. Atakisoma bila kukwama sana, kwa sababu maneno ni yake, na atamsomea kila anayeingia mlangoni. Ni hapo anapogundua kwamba maandishi ni usemi wa mtu uliowekwa mahali. Kama wewe mwenyewe huandiki, kaka au dada mkubwa aandike, nawe usikilize akisomewa.

Simu nayo ina maandishi mengi, lakini chagua. Ujumbe uliokatwakatwa, irabu zikiwa zimerukwa na tarakimu zikisimama mahali pa silabi, unamchanganya mtoto ambaye ndiyo kwanza anaamini kwamba kila sauti ina herufi yake. Mwombe bibi au shangazi amwandikie ujumbe kamili, wenye nukta na herufi kubwa, na mtoto amjibu. Barua kama hiyo inayotarajiwa kujibiwa ina nguvu kuliko zoezi lolote la daftarini.

Jambo moja zaidi hapa: kusoma kusiwe adhabu. "Umekosa, nenda kasome kurasa mbili" ni sentensi inayoharibu kazi ya miezi. Kumlinganisha na ndugu yake nako ni hivyohivyo.

Hatua ya 8: Akiwa hasogei

Watoto hawaendi mwendo mmoja, na kupinduapindua herufi ni jambo la kawaida miaka ya mwanzo. Lakini kama mmekaa naye kwa utulivu miezi kadhaa na silabi alizozijua jana leo hazipo, chunguza kwa mpangilio.

Macho kwanza. Je, analeta kitabu karibu sana na pua, anakunja uso, anafunika jicho moja, au analalamika kichwa kinauma baada ya kusoma? Apimwe. Kisha masikio, hasa kama amekuwa akiugua sikio mara kwa mara, kwa sababu asiyesikia vizuri tofauti ya f na s hawezi kuiandika. Uliza pia habari za darasani: anakaa wapi, anaona ubao, amekosa siku nyingi?

Yote hayo yakiwa sawa, huenda ni disleksia. Ni tofauti ya namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha, mara nyingi hurithiwa katika familia, na haihusiani na uvivu wala upungufu wa akili. Si ugonjwa wa macho. Kwa lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, dalili zake mara nyingi si kukosea maneno bali kusoma polepole mno kwa muda mrefu, kuchoka upesi, na kusumbuka na michezo ya sauti ile ya hatua ya kwanza. Mtoto wa namna hii husaidiwa na mafundisho yaleyale ya sauti na silabi, ila kwa hatua ndogo zaidi, marudio mengi zaidi na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Ukienda kuonana na mwalimu, usiende na kauli ya "hajui kusoma", maana haimwonyeshi pa kuanzia. Kwa wiki moja andika pembeni ya daftari: silabi anazozisoma bila kusita, zinazomkwamisha, dakika anazoweza kukaa kabla hajachoka, na kama anaweza kusimulia hadithi uliyomsomea wewe. Akisimulia vizuri aliyosomewa lakini akashindwa aliyosoma mwenyewe, tatizo liko kwenye kutambua maneno. Akisoma vizuri na kusimulia akashindwa, hata zile ulizomsomea, msaada unaotakiwa ni wa lugha na msamiati. Mkabidhi mwalimu karatasi hiyo, na umwombe akuonyeshe jambo moja la kufanya nyumbani hadi mtakapoonana tena.